Wabunge Kwenye Mlango wa Friji

Mpwa wangu aliniuliza kama yule mwanamume wa kwenye picha alikuwa mweusi, nami nikajibu kabla sijameza chai yangu. Nilisema hapana.

Tulikuwa jikoni kwa dada yangu mdogo, mtaa wa Hjulsta, mwisho wa treni ya bluu, ambako siku hizo nilikuwa nalala sebuleni kwenye kochi. Nimelalia makochi mengi. Niliacha shule darasa la sita, nikaondoka Machakos, nikaosha malori Eldoret, nikauza simu Kampala, nikapika kwenye meli ya mizigo, na mwisho nikaangukia Stockholm, ambako nasafisha ndege zikitua kabla hazijaruka tena. Sijawahi kukaa mahali mpaka majirani wakanizoea. Lakini kwa dada yangu nilikuwa nimepitisha baridi mbili, na sababu kubwa ni huyo mtoto. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na ugonjwa kama wangu wa kutaka kujua kila kitu.

"Umeangalia kweli, morbror?" aliniuliza. Ndivyo anavyoniita, neno lao la mjomba wa kwa mama. Akanisogezea picha.

Niliangalia. Ndevu zimechanwa vizuri, koti jeusi, nywele zimelala, macho mepesi kama maji.

"Huyu ni mchungaji wa Kiswidi," nikasema. "Nimemwona kwenye basi la Vällingby."

"Ni mbunge wa Marekani. Mama yake alikuwa mtumwa. Na aliyemmiliki mama yake ndiye baba yake."

Nikaweka kikombe chini.

Kazi ile alipewa na mwalimu wa historia. Kila mwanafunzi achague mmoja kati ya Wamarekani wa mwanzo wenye asili ya Afrika waliochaguliwa kushika madaraka, kisha asimame mbele ya wenzake amweleze. Ilionekana kazi ya jioni moja. Lakini alipoanza kutafuta, mtoto akagundua kwamba hata wasomi wenyewe hawakubaliani nani aingizwe na nani aachwe. Basi akachapisha picha zao maktabani, akazibandika kwenye mlango wa friji kwa zile sumaku tunazopewa na watu wa pizza. Ambao hakuna anayewabishia aliwaweka juu. Wenye mashaka aliwaweka chini, usawa wa magoti, na kila jioni kulikuwa na aliyepandishwa na aliyeshushwa.

Baba yake ni Mswidi, dereva wa basi, mtu wa maneno machache anayejua Kiswahili cha kukaribisha wageni na cha kuomba pilipili. Siku ya kwanza alifungua friji, akatoa maziwa, akafunga, kisha akabaki ameinama mbele ya wale wazee.

"Huyu wa chini ni babu yangu," akasema.

"Pappa!"

"Kweli kabisa. Pua ile ile. Anafanya nini kwenye friji yetu?"

Tulicheka sote isipokuwa mtoto. Alimbandua yule mzee, akamtazama kwa muda, akampeleka juu kabisa, mahali ambapo mimi siwezi kumfikia bila kunyoosha mkono. Mama yake aliacha kucheka akanitazama. Sote wawili tulijua mtoto anawaza nini, maana simu ilikuwa imepigwa siku mbili tatu kabla ya hapo.

Simu ilitoka kwa dada yetu mkubwa, anayekaa Märsta. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Mchumba ni Mrundi aliyekulia hapahapa Stockholm, fundi umeme, kijana mpole wa kuinamisha kichwa anaposalimia. Sasa kwetu, siku wazee wa kijana wanapokuja kuposa rasmi, kuna mchezo. Mabinti wa ukoo wa bibi arusi wanafungiwa chumbani, wanafunikwa leso, yaani kanga, kuanzia utosini, kila mmoja, halafu wanatolewa kwa mstari wakiwa hawaoni wala hawaonekani. Kijana anapita mbele yao. Haruhusiwi kushika wala kumsemesha mtu. Kinachoonekana ni nyayo na vidole tu, na kwa hizo nyayo lazima amtambue wake. Akikosea, anatozwa faini na anazomewa mpaka jioni.

Mtoto wetu alikuwa ameahidiwa mchezo huo tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Siku ya dada yako, na wewe utafunikwa. Waswidi wangesema yule bibi arusi ni binamu yake. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada yako, na hakuna neno jingine.

Na sasa mama mkubwa alikuwa kwenye simu, anagawa kazi kama anayepanga viti. Huyu atapika pilau. Huyu ataleta sahani. "Na mdogo wetu hapo atagawa juisi."

"Juisi?" dada yangu mdogo akauliza. "Si anafunikwa na wenzake?"

"Aa, si mnajua. Miguu yake itasema. Bwana harusi ataona mara moja siye. Mchezo utakuwa wa nini sasa?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mtoto alikuwa mezani anakata karatasi. Kiswahili anakisikia chote, ni kujibu tu ndiko anajibu kwa Kiswidi. Aliendelea kukata, akaikata picha aliyokuwa anaizungushia mkasi mpaka akala sikio la mbunge wa watu.

Nataka nieleweke: dada yangu mkubwa si mtu mbaya. Huyo mtoto alipozaliwa, ndiye aliyekuja kutoka Märsta kila asubuhi kumwogesha, huku akimwimbia nyimbo ambazo mimi nilikuwa nimezisahau. Anampenda. Ila ni mtu wa kutaka jambo lifanywe sawasawa, na mchezo uwe mchezo. Alivyoona yeye, alikuwa anamlinda mtoto asichekwe.

Mimi jambo likinichoma huwa nahama mji au natafuta kitabu. Safari hiyo nilitafuta kitabu. Siku zangu za mapumziko nilikaa maktabani na Kiingereza changu cha melini, kidole chini ya mstari, nikijaribu kujua watu wa kule walihesabiana vipi.

Nikakuta walihesabiana kila mtu kivyake. Jimbo moja lilisema ukiwa na robo ya damu ya Kiafrika wewe ni mweusi. Jingine likasema thumuni inatosha. Kwingine mahakama zilisema mwenye weupe uliozidi nusu apige kura kama mzungu, na kuna hakimu aliyekataa hesabu zote, akataka kujua majirani wanampokea mtu huyo vipi wanapomwona mlangoni. Baadaye sana wakaja wenye sheria ya tone moja la damu: ukiwa nalo tu, wewe ni mweusi. Kwa hiyo mtu angeweza kulala mweusi, akavuka mto, akaamka mzungu. Na kabla ya nchi hiyo kuwa nchi, kulikuwa na mtu mmoja aliyefika kwa meli kama mtumishi, akaja kuketi katika baraza la koloni. Anayejua asili yake hayupo. Kilichobaki ni neno moja la karani, neno la kusema kwamba amechanganyika, na juu ya neno hilo watu wanabishana hadi leo.

Nilisoma hayo nikafurahi kama mtu aliyepata dawa. Sisi Wakenya nasi tuna hesabu zetu, tunawaita watoto kama mpwa wangu pointi-faivu, yaani nusu, na hatuoni ubaya. Nikarudi nyumbani nimebeba robo na thumuni zangu. Nikamkuta mtoto amekaa sakafuni mbele ya friji, amekunja miguu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Kwa sheria za kule, majimbo karibu yote, wewe ungekuwa mweusi. Hakuna ambaye angebisha. Wangekuandika na kalamu nzito."

Hakugeuka.

"Morbror, siwaulizi Wamarekani," akasema. "Namuuliza mama mkubwa."

Nilikaa sakafuni naye. Nimehesabiwa na maofisa wa uhamiaji wa nchi nyingi, kila mmoja na fomu yake, na hakuna aliyeniumiza, kwa sababu hakuna niliyetaka anipende.

Jumapili iliyofuata dada mkubwa alikuja baada ya kanisa kuchukua sufuria kubwa. Aliingia na baridi yake, akavua viatu, akabaki na koti. Alikuwa na mfuko wa leso mpya na uso wa mtu mwenye habari njema.

"Nimepata njia," akasema, akamvuta mtoto karibu. "Utafunikwa, mama. Angalia." Akatoa soksi nyeusi nzito na glavu nyeusi. "Ukivaa hizi hakuna atakayejua."

Mtoto alizipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyofunzwa. Akazipapasa. Kisha akauliza, kwa Kiswidi lakini polepole, kama wengine nao watavaa.

"Wengine ya nini?" dada mkubwa akajibu.

Chai ilikuwa inachemka na hakuna aliyeinuka kuitoa. Mama wa mtoto alizitazama zile soksi, kisha akanitazama. Kwa dada mkubwa hatujawahi kupayuka, tangu utotoni, alipokuwa anatuchotea maji na kutugawia.

"Mama mkubwa," mtoto akasema, "nina kazi ya shule. Nataka nifanye mazoezi. Utanisikiliza?"

Alikuwa ameanza kusema Kiswahili. Sijui kama alipanga. Dada mkubwa akakaa na sufuria mapajani, kama mtu aliye kituoni.

Mtoto alisimama mbele ya friji akaonyesha mmoja wa wale wa chini. Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa magongo, na akikwama alichukua neno la Kiswidi akalipitisha haraka. Alisema huyu alikuwa mwalimu na mhubiri katika mji mdogo wa kaskazini. Majirani walimchagua akawawakilishe katika bunge la jimbo, wakati wenzake wengi wenye damu hiyo walikuwa bado watumwa kusini. Leo watu wengine wanasema ndiye wa kwanza. Wengine wanasema hapana, asihesabiwe, kwa sababu alionekana mzungu, na hakuna mahali aliposema mwenyewe kwamba hakuwa. Makarani waliokuja kuhesabu watu nao hawakukubaliana juu ya ukoo wake.

"Alijificha?" dada mkubwa akauliza.

"Hatujui. Labda hakuna aliyemuuliza."

"Lakini angeulizwa?"

"Labda angeogopa." Mtoto akafikiri. "Kuna wengine walijificha. Waliacha mama zao. Walikuwa hawaendi kuwasalimia, ili wasionekane nao."

"Hata mama akifa?"

"Hata."

Dada mkubwa alinyanyuka, akaenda mpaka friji, akaweka miwani. Alimtazama yule mwalimu kwa karibu. Alimtazama pia mzee wa juu, yule wa pua ya Kiswidi, akaguna. Nilitazamia aseme mzungu huyu anatafuta nini kwa watu weusi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimesema mimi kwa maneno mengine.

"Na mama yake huyu mwalimu," akauliza, "wao wasomi wanasemaje?"

"Hawamsemi sana."

"Basi wangemuuliza yeye. Mama yake alijua ni wa nani."

Akachukua sufuria, akatuombea usiku mwema na jua lilikuwa bado lipo, akaenda. Kuhusu juisi hakusema kitu. Soksi na glavu alizisahau mezani, au aliziacha.

Mtoto alizikunja vizuri akazirudisha kwenye mfuko. "Sitavaa," akatuambia. "Nikivaa, atakayesimama pale si mimi. Afadhali nigawe juisi."

Mama yake alimkumbatia. Baba yake, ambaye alikuwa amesikia nusu na kuelewa robo, alizima jiko lililokuwa linaunguza chai yetu.

Darasani mambo yalienda vizuri tu. Alipomaliza, kijana mmoja aliuliza, sasa huyo alikuwa mweusi au hakuwa? Aliniambia alimjibu kwamba bado anatafuta, na mwalimu akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hilo ni jibu.

Siku ya kuposa, tope la theluji lilikuwa limejaa njia nzima. Tulikodi ukumbi Vällingby, na mlangoni viatu vililundikana mpaka vikawa kilima. Upande wetu ulijaa Wakenya wenye sauti. Upande wa pili Warundi walikaa kwa adabu, suti zimepigwa pasi, na mbele yao msemaji wao, mzee mnene mwenye kucheka kwa mabega. Kiswahili kilikuwa ndicho cha kutukutanisha, kila mtu akikivuta kwake.

"Nyinyi Wakenya mmezidi," msemaji alikuwa analalamika. "Kwetu bibi arusi tunamwonyesha watu wamsifu. Nyinyi mnamfunga kama mzigo wa kusafirishwa. Kijana amekuja kuoa, mnampa mtihani?"

"Na asipopita, mbuzi," wakamjibu kina mama.

"Mbuzi hapa Stockholm? Nitamtoa wapi, kwenye metro?"

"Utajua mwenyewe!"

Mimi nilikuwa jikoni na mpwa wangu. Alivaa gauni la kitenge aliloshonewa pamoja na wenzake, na juu yake aproni. Alikuwa anamimina juisi kwa umakini mno, kila glasi sawa na jirani yake. Kutoka chumba cha pembeni tulisikia wasichana wakichekana, mmoja analia leso imembana pua. Nilitaka kumwambia kitu cha kumchekesha. Kila nililotafuta lilikuwa na Wamarekani ndani yake.

Mlango ukafunguliwa, dada mkubwa akaingia na leso begani. Alimpokonya mtoto jagi, akanipa mimi.

"Juisi ni kazi ya mjomba," akasema. "Wewe twende."

Mtoto hakusogea. "Sijavaa soksi," akasema, kwa Kiswahili.

"Nimeona."

Akamfungua aproni mwenyewe, akamshika mkono. Niliwafuata mpaka mlango wa kile chumba na jagi langu, nikasimama pale wanaume wanapokomea. Wasichana walikuwa wamejipanga, wengi na soksi, kwa sababu sakafu ilikuwa baridi.

"Vueni," dada mkubwa akaamuru. "Zote. Nataka miguu."

"Mama! Baridi!"

"Mtakufa? Vueni. Kijana aje aone watu, asione soksi."

Walivua wakilalamika. Akamchukua mpwa wangu, akamsimamisha mwisho wa mstari kwa sababu ndiye mdogo, akaitandaza leso juu ya kichwa chake. Aliichomeka hapa, akaiteremsha pale, akarudi nyuma akatazama kazi yake. Chini ya ile leso ya maua mekundu vilitoka vidole vyeupe, vimeanza kuwa vyekundu kwa baridi. Hakuivuta leso kuvifunika.

Wakatoka. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kijana wa Kirundi akasukumwa mbele akiwa anajifuta jasho. Alipita kwa wa kwanza, akainama, akakuna kichwa. Wa pili. Wa tatu alimtazama sana, wenzake wakampigia miluzi. Alipofika karibu na mwisho alimwona huyo mdogo, akapunguza mwendo, akageuka arudi. Upande wa Warundi mtu mmoja alicheka, si kwa ubaya.

"Hapo hata mimi nimefaulu," msemaji akasema kwa sauti. "Huyo siye! Huyo mmemweka tu mstari uwe mrefu. Jamani, huyo ni wa nani?"

Nilimwona baba wa mtoto ameinua simu ya kupiga picha na kusahau kuishusha. Dada yangu mdogo alikuwa nusu ameinuka kwenye kiti. Na mwisho wa mstari, ile leso nyekundu iliacha hata kupumua.

Dada mkubwa alikuwa amesimama karibu na bibi arusi. Hakuharakisha. Alitembea mstari mzima mpaka mwisho, akasimama nyuma ya mtoto, akamwekea mikono mabegani juu ya leso.

"Ni wangu," akasema.

"Wako? Tuliambiwa una binti mmoja."

"Mliambiwa nusu. Huyu ni mdogo wake bibi arusi. Wa kwanza nilimzaa, huyu nimemwogesha. Kijana wenu akimruka, mtaanza upya toka mlangoni, na viatu mvae!"

Kina mama wakapiga vigelegele mpaka madirisha yakaitikia. Msemaji aliinua mikono kuomba radhi, mabega yanaruka kwa kicheko. Na yule fundi umeme, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno bila kusukumwa, alirudi mwenyewe, akasimama mbele ya yule mdogo, akainamisha kichwa kama kawaida yake.

"Unisamehe, shemeji," akasema.

Kutoka ndani ya leso ikatoka sauti ndogo, ya Kiswahili, iliyojaa ukubwa.

"Haya. Pita."

Alipita. Dakika chache baadaye alichagua asiye wake, wakamzomea, na mzee wa watu akaanza kuuliza bei ya mbuzi. Lakini hayo niliyasikia kwa mbali. Nilikuwa namtazama dada yangu mkubwa. Mchezo ulikuwa umekwisha na wasichana wote wamefunuliwa, naye bado amemshika mtoto mabega, hajaiondoa mikono yake.